Michi Miwili, Kinu Kimoja

Tu-du, tu-du. Mpaka leo nikitulia huusikia mlio ule: michi miwili ikipishana ndani ya kinu kimoja, wa mama ukishuka, wa hawe ukipanda. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake baba. Tulikaa nyuma ya Malindi, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Baba alikuwa amechukuliwa na Wazungu kubeba mizigo ya vita vyao, na hatukujua kama yu hai. Mama alikuwa amebatizwa mwaka ule. Hawe bado aliwamwagia koma, wazee wetu waliokufa, tembo lao la mnazi. Kwa mambo ya Mungu hawakupatana hata kidogo, lakini kinuni hakuna aliyewahi kumgonga mwenzake. Mimi, mtoto wa miaka kama tisa, nililala mkekani nikinusa pumba za mahindi, nikiota mchana kweupe kwamba nimekuwa mwalimu wa misheni mwenye kengele yangu mwenyewe.

Nililala kwa sababu ya donda. Jembe lilinikata juu ya kifundo wakati wa palizi, na jeraha dogo likageuka donda linalonuka. Mwalimu wa misheni alitupa dawa ya unga wa manjano, akamwambia mama waziwazi kwamba likipanda mpaka gotini, mguu utakatwa. Kila asubuhi mama aliliosha kwa maji moto ya chumvi, akalifunga kitambaa safi, akapiga magoti. Hawe alisimama mlangoni akimtazama.

"Mke wa mwanangu, huyo Mungu wako mgeni anaijua njia ya kuja huku?"

"Anaijua, mama. Sisi ndio tuliomchelewesha."

"Basi mwambie akaze mwendo. Mguu wa mtoto unaoza."

Siku moja mama alipokwenda kisimani, hawe aliketi kando yangu akatoa pingu, ile hirizi yetu ya kitambaa cheusi, akanifunga kwa uzi wa katani juu kidogo ya goti ili donda lisivuke hapo. "Baba yako wameshanichukulia," akasema. "Mguu huu hawaupati. Usimwambie mama yako." Ningefanyaje? Niliwapenda wote wawili, na niliona wazi kwamba nikifungua mdomo, nyumba itapasuka. Mguu ukavimba, uzi ukazama nyamani. Kila mama alipoliosha donda, nilivuta shuka kufunika goti na kumchekesha kwa habari za kengele yangu, huku jasho jembamba likinitoka. Niliamini kwamba huo ndio Ukristo wenyewe: kuumia kimya ili wengine wakae kwa amani.

Siku ya nne vidole vya mguu vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Mama aliviona, akavigusa, sikuhisi kitu. Akaivuta shuka. Sijapata kuuona tena uso kama ule. Alichukua kisu cha jikoni, akapenyeza ncha kati ya uzi na ngozi, akakata, nami nikapiga ukelele uliowarusha kuku uani. "Nani amekufunga?" Macho yangu yalimwendea hawe, na hilo lilitosha. "Mama! Umeunyonga mguu wa mjukuu wako!" Hawe alichukua kibuyu chake, akaenda kukaa kwa ndugu yake ng'ambo ya shamba. Kesho yake nikasikia: tu... tu... tu... Mchi mmoja.

Nilimwuliza mama kama Mungu ananiadhibu. Aliuweka mchi chini, akaja akaketi. "Kwa nini umepatwa na haya sijui, mwanangu, nisikudanganye. Ila Yesu alipofufuka, makovu yake aliwaonyesha wenzake, hakuyafunika. Wewe mbona ulinificha mimi?" Nililia sana. Maumivu hayakupungua siku ile hata kidogo, lakini hayakuwa tena yangu peke yangu, na tangu hapo niliweza kuyabeba.

Leo ninatembea kwa miguu yangu miwili. Mmoja una kovu lenye umbo la jani, na mstari mwembamba juu ya goti. Ninafundisha watoto wadogo herufi; kengele sikupata, nagonga kipande cha chuma. Wakiniuliza habari za kovu nawaonyesha, na wale waliokuwa wakificha vidonda vyao hunijia baadaye, mmoja mmoja. Unga siku hizi twanunua dukani, mweupe, laini, na asubuhi uani kumekuwa kimya. Baba hakurudi. Hawe alirudi, ingawa alikufa bila kubatizwa, na mimi humwombea hivyo hivyo. Watu hudhani ndugu yake ndiye aliyempatanisha na mama. Siwalaumu, hawakuwapo.

Ilikuwa Jumapili baada ya hawe kuondoka, mama yuko misheni, na uvimbe umeanza kushuka. Nilikifungua kitambaa, nikaliacha donda wazi ili atakayekuja alione, nikajiburuta mpaka kinuni. Mchi ulinizidi urefu. Nilitwanga mara moja ndani ya mahindi, mara moja nikaugonga ukingo wa kinu, ndani, ukingoni, ndani, ukingoni, ili hawe ng'ambo ya shamba asikie kama michi miwili, ajue mchi wake bado unangojwa. Tu-du, tu-du. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikasikiliza, nikatwanga tena.