Nakala ya Wiki Nzima

Anania Ndayikunda alikulia kambi ya Mtabila, akaja kuwa raia wa Tanzania, na kwa elimu yake ya kidato cha nne akajifunza kompyuta katika kambi ya Mtendeli kabla nayo haijafungwa. Kungoja jina liitwe alikujua vizuri. Kanisa lilipomwomba asimamie chumba cha intaneti kambini Nyarugusu, hakukataa, japo kifurushi cha mwezi kilikuwa kikiisha katikati ya mwezi.

Akachukua kompyuta moja kuukuu, akaiwekea mfumo wa Linux na programu ya Squid, ikawa seva ya proksi: kompyuta zote za chumba zipite kwake kwenda mtandaoni. Mtu akifungua ukurasa, seva inaweka nakala. Anayefuata anapewa nakala ile ile, kifurushi hakiguswi. Na wengi walifungua ukurasa mmoja tu, wa majina ya walioitwa kwenye usaili wa kuhamia nje. Anania akaongeza mstari wake kwenye mipangilio: nakala ya ukurasa huo ikae wiki nzima. Kifurushi kikafika mwisho wa mwezi. Wakamsifu.

Eugénie, Mkongomani muuza dagaa, alikuja kila asubuhi. Binti yake Arielle alikwisha kuhamishwa pamoja na mumewe, na mama mtu alingoja usaili ili amfuate.

"Papa Divine," alikuwa akimwita Anania kwa jina la mwanawe, "nitazamie."

"Bado, mama."

Alhamisi moja Dieudonné, jirani wa Eugénie, akaingia na simu mkononi.

"Mama Arielle, hata leo uko unauza dagaa? Ulaya hawazijui hizo." Akacheka. "Jana walikwambia nini pale bureau ya usaili?"

"Jana ya nini?"

"Jina hili si lako?"

Anania akatazama simu, kisha skrini. Kwenye skrini jina halikuwepo. Akaketi, akaufuta ule mstari, akafuta na nakala zote, akafungua ukurasa upya. Jina likatokea. Usaili: Jumatano, saa tatu asubuhi.

"Kwako lilikuwa wapi?" Eugénie akauliza.

"Mashine ilikuwa inakupa ukurasa wa zamani, mama. Niliipanga hivyo mimi."

Wakaenda ofisini pamoja. Karani akawasikiliza kwa adabu.

"Sasa mzee, niandike kwamba kompyuta ilimficha? Asiyefika anarudi nyuma ya foleni."

"Kosa ni langu, si lake."

"Nimekuelewa. Ila tarehe nyingine sina."

Njiani Eugénie hakumlaumu. Walipofika njia panda ndipo akasema, "Arielle anapiga Jumapili. Utamwambia wewe."

Jumapili baada ya ibada Anania akaenda nyumbani kwa Eugénie. Simu ya Dieudonné, aliyowaazima, ilipolia, Eugénie akampa Anania, akatoka nje akauvuta mlango nyuma yake.

"Maman," Arielle akasema kabla ya salamu, "wamekuita?"