Kitenge cha mama kwenye skrini mbili

Leo nimeshindwa kuchagua laptop kwa sababu ya kitenge cha marehemu mama.

Msicheke kwanza.

Niko dukani hapa Gitega, laptop mbili za mtumba ziko mezani. Muuzaji akaniambia, "Weka foto ya kitu unajua bien, vizuri kabisa. Yenye itaonyesha rangi ya kweli, ndiyo ubebe."

Nikafungua picha ya mama, amesimama mbele ya nyumba yetu kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Ninayo hiyo moja tu.

Skrini ya kwanza: kitenge chekundu kabisa.

Ya pili: rangi ya chungwa!

"Sasa ya kweli ni gani?" muuzaji akaniuliza.

Nikatazama hii, nikatazama ile.

Sijui. Mimi niliyebebwa mgongoni kwa kitenge hicho, sijui!

Na hakipo tena. Mama alifariki mwaka uleule tuliorudi nchini kwetu, akazikwa nacho Muyinga.

Muuzaji akazifunga zote mbili polepole. "Uliza watu ya kwenu, halafu urudi."

Nikamwambia sawa. (Watu gani? Kwetu nimebaki mimi.)

Basi nyie mliokuwa majirani zetu kambini, mnaomkumbuka mama yangu, yule muuza vitumbua: kitenge chake cha Jumapili kilikuwa rangi gani?