Chupa ya Nzi wa Maembe

Mchuuzi alipasua embe moja, akaona funza, akaondoka bila kununua hata tenga moja la mama mkwe wangu kule Msimbu. Mama alishangaa, maana kila asubuhi alifagia maembe yaliyodondoka na kuyatupa kwenye shimo la mgomba yawe mbolea.

Mimi nilitaka kujua funza wale huishia wapi. Nilirudi Kibaha na embe moja bovu, nikaliweka kwenye chupa pana yenye udongo, nikafunga mdomo wake kwa kipande cha chandarua. Funza walitoka, wakajichimbia. Baadaye kwenye udongo ule wakaibuka nzi wa kahawia, wenye kiuno chembamba kama nyigu.

Nikampelekea mama ile chupa, nikamweleza kwamba nzi hao ndio hutaga mayai kwenye maembe yaliyo mtini. Aliigeuzageuza.

“Kumbe nawafuga mwenyewe! Na kitanda nawatandikia!”

Nikamwambia maembe yaliyodondoka ayafunge kwenye mfuko mweusi, auanike juani mpaka funza wafe.

“Sawa, baba, nitafunga. Na nzi wa jirani je, hawajui kuruka?”

Mama alijitanda khanga, akaichukua chupa, akaelekea kwa jirani akipiga hodi kabla hata hajafika uani.