Nilivyomsaidia kocha Mskoti kuficha ugonjwa wa kusahau hapa Doha

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, nachungulia nyuzi za wenzangu na kupita. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani, na chumbani kwetu sina wa kumweleza. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha. Natumia simu, makosa mtanisamehe.

Mimi ni mtu wa Tanga, dereva hapa Doha. Nakaa Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja watu sita. Kampuni yetu inakodisha madereva, na mimi nikaangukia klabu moja ya mpira, siitaji. Kazi yangu ikawa kumwendesha kocha mkuu, mzee mmoja Mskoti. Tumwite Duncan.

Kabla ya hapo nilikuwa naendesha basi la vibarua. Kwa hiyo mnaelewa, kwangu ile ilikuwa neema.

Kila asubuhi namfuata kwenye compound yake Al Wukair, nampeleka mazoezini, namrudisha. Njiani ni stori tu. Yule mzee aliijua historia ya maisha yake kama sisi tunavyoijua Fatiha.

Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Yeye akasajiliwa na timu ya mji wao akiwa na miaka kumi na sita, beki wa kati. Hakuwa na mbio wala chenga. Alikuwa na kichwa.

"Salum," aliniambia siku moja tuko kwenye foleni, "mwalimu wetu alikuwa anauning'iniza mpira kwa kamba. Tunaupiga vichwa mpaka tunaona nyota. Ukilowa mvua unakuwa kama jiwe. Mimi ndiye nilikuwa nabaki wa mwisho."

Alisema kwa fahari. Na mimi nikacheka. Daah.

Goti likamkatalia, akatundika daluga mapema. Akapewa timu ya daraja la chini kule kwao, kocha mkuu huyo huyo, mkata nyasi za uwanja huyo huyo. Akaipandisha. Akafukuzwa. Akachukuliwa kwingine, akafukuzwa tena. Mke wake akachoka kuhamahama, akaondoka. Mwisho akaja huku Qatar, kwanza msaidizi, kisha wakampa timu.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Kabla ya Ramadhani nikaanza kuona mambo. Ananiuliza kama nina watoto. Namjibu wawili. Tukifika mataa ya mbele ananiuliza tena. Nikajua uzee.

Halafu akaanza kusahau majina ya wachezaji wake. Anasema "yule mrefu", "yule wa kushoto". Siku moja akanipa karatasi yenye picha za kikosi kizima, akaniambia, "Niulize."

Wakuu, ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi, kutoka Al Wukair mpaka uwanjani, namtajia namba ya jezi, ananitajia jina. Akikosea namsahihisha. Tukifika, anashuka kifua mbele, anasalimia kila mtu kwa jina lake. Hakuna aliyejua.

Ikaja mechi moja, mimi nimekaa nyuma ya benchi la ufundi. Mwisho mwisho wa kipindi cha pili akamwita winga ajiandae kuingia. Winga huyo alishamtoa mwenyewe muda mfupi nyuma, kashavua viatu, kavaa kandambili.

Winga akamtazama. Mwamuzi wa akiba naye akamtazama, akidhani ni utani. Wachezaji wa benchi wakaangua kicheko. Kesho yake kipande cha video kilikuwa kwenye simu za watu wote.

Siku ile baada ya mechi aliingia kwenye gari, akafunga mkanda. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Salum, wamenicheka kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Akafunika uso kwa mikono.

"Usimwambie mtu," akasema. "Wakijua watanitoa pale kwenye mstari wa uwanja. Nimekaa kwenye mpira tangu mtoto. Nikitoka pale mimi ni nani?"

Nikamwahidi. Nilimhurumia, hiyo ni kweli. Lakini nisiwadanganye, nilijihurumia na mimi pia. Duncan akiondoka, narudi kwenye basi la vibarua.

Ana binti mmoja huko kwao, nesi. Tumwite Fiona. Wiki chache baadaye akanipigia, namba alipewa na baba yake.

"Naomba uniambie kweli," akasema. "Baba akinipigia anarudia maneno. Yuko sawa?"

Nikamjibu, "Madam, mzee ni mzima kabisa. Ni joto tu na uchovu."

Akashukuru sana. Mpaka leo shukrani ile inanichoma.

Ijumaa ni off yangu. Funguo za gari huwa nakaa nazo mimi, lakini Alhamisi moja alizidai. "Mimi sio mtoto mdogo," akaniambia kwa ukali. Nikamwachia juu ya meza ya jikoni.

Ijumaa nikaenda kuswali, simu nimeizima sauti. Kutoka msikitini nakuta missed calls nne za Duncan. Nikapiga, akapokea mtu mwingine, mlinzi Mkenya.

"Boss, wewe ndio Salum? Kuna mzee mzungu hapa, amechomwa na jua vibaya sana. Nimempata huku nyuma ya site, amevaa suti na tai, anapigia watu kelele kama anacoach timu. Na hakuna watu, ni mchanga tu. Nimemuweka kwa AC na nikaita ambulance. Kuja haraka, bro, haongei poa."

Ni kule nyuma ya Al Wukair nyumba zinakoishia. Na mnalijua jua la huku la mchana wa kiangazi, wenyeji wenyewe hawatoki.

Nilichukua teksi. Nilipofika, ambulance ilikuwa inamalizia kumpakia. Midomo imepasuka, tai bado iko shingoni. Gari lilikutwa mbele kidogo, limezama kwenye mchanga. Alidhani ana mechi na amechelewa. Zile simu nne alikuwa ananiuliza njia ya uwanja.

Hakufa. Lakini daktari alisema ugonjwa ulikuwepo muda mrefu, na joto limemaliza kilichokuwa kimebaki. Akauliza kama mzee alicheza mpira, na kama alikuwa mpigaji wa vichwa. Nikamsimulia ule mpira wa kamba, akasema vichwa vingi namna hiyo huumiza ubongo.

Fiona akaja moja kwa moja hospitali kutoka airport, begi mkononi. Akanikuta koridoni.

"Ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ile siku nakupigia," akasema, "nilishaomba likizo nije kumchukua. Uliposema mzima, nikaifuta."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Klabu ikatangaza kuwa kocha ameondoka kwa sababu za kifamilia. Mimi ndiye niliyewapeleka airport. Duncan akanipa mkono kwa adabu kabisa, akasema amefurahi kunifahamu, akaniuliza naitwa nani. Fiona hakunipa mkono. Simlaumu.

Sasa hivi naendesha basi la vibarua.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kumfichia mtu ugonjwa sio kumpenda, hata kama ameomba kwa machozi. Nilimlindia kazi yake, na yangu, kichwa chake nikakiacha kiteketee. Kama ningesema mapema, asingepona, najua. Lakini angeondoka Doha akijua anakwenda wapi na nani.

Juzi dada yangu kapiga kutoka Tanga. Anasema mama siku hizi anauliza jambo moja mara tatu, na majuzi kapotea akitoka sokoni. Akaniomba tusiwaambie wajomba, ni aibu.

Nilisimamisha basi pembeni. Nikawapigia wajomba wote watatu pale pale, mmoja baada ya mwingine, abiria wananipigia kelele nyuma. Jumatatu wanampeleka hospitali.

Wenye uzoefu wa kuuguza mzazi mwenye hali hii, nipeni muongozo, mnaanzia wapi? Na wa kunisema kwa habari ya Duncan, nisemeni tu, nastahili.