Njia Iko Aje?

Mpaka leo nikimwona mtu ameshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu ya chakula. Natamani kutema. Wanangu husema ni uzee. Majirani husema nina hasira za bure. Waseme. Mimi najua nilichokiona katika barabara ya Lodwar na Kakuma mwaka wa 2012, na nilichokisikia mwaka uliofuata, na hicho cha pili ndicho kilichonichukiza zaidi.

Wakati huo nilikuwa afisa wa elimu pale Lodwar. Nilitoka huku kwetu kwenye mvua na migomba nikapelekwa mahali ambapo ukianua nguo kwenye kamba zinakuchoma mikono. Kila wiki nilipanda gari la ofisi kwenda kukagua shule za Kakuma, mjini na kambini. Gari lilikuwa zee, refu, dirisha moja la nyuma halipandi. Dereva wake alikuwa pande la mtu, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni, na Jumapili ndiye aliyetuongoza katika nyimbo za sifa. Kila mtu alimpenda. Hata mimi nilimpenda, mpaka nilipoanza kusafiri naye.

Alikuwa na simu mbili, kila moja na laini yake, na zote mbili zilikuwa na kazi. Ili umwelewe, lazima kwanza uielewe barabara. Lami ilikuwa imekufa zamani. Kilichobaki ni vipande vyenye kingo kali, kwa hiyo magari yaliteremka kando na kukimbia kwenye mchanga, katikati ya vichaka vya mathenge. Na njia yote ilikuwa na hofu ya majambazi. Ndiyo maana kila dereva alikuwa akimpigia mwenzake aliye mbele na kumuuliza swali moja: "Njia iko aje?" Mwenzake anajibu, "Njia iko sawa," au anasema ngojeni polisi wa kusindikiza. Swali hilo lilikuwa kama sala. Abiria walilisikia wakatulia. Dereva aliyepiga simu mara nyingi ndiye aliyesifiwa kuwa mwangalifu, na wetu alikuwa mwangalifu kupita wote. Alipiga akipanda mlima, alipiga akikata kona, alipiga huku ng'ombe wamejaa barabarani na yeye anawapigia honi kwa kiwiko.

Nilimwambia. Msinidhanie nilikaa kimya. Nilimwambia asimamishe gari aongee, kisha aendelee.

"Madam," alinijibu kwa upole ule wa mtu anayemwelimisha mgeni, "ukisimama hapa, umejiuza. Hii si Nairobi. Hapa mtu anaongea akitembea."

Nikamwambia basi asiongee.

"Sasa nisipouliza, nitajuaje kuko salama?"

Wenzangu wa ofisini waliokuwa nyuma wakacheka na kuniambia nimwache mtu afanye kazi yake. Walionekana wanashangaa kwamba mwanamke aliyesoma hivyo hataki usalama. Nilitazama nje nikasaga meno.

Karibu na miji mtandao ulikuwepo, lakini katikati ya safari hapakuwa nao. Ulikuja mahali pamoja tu, kwenye kilima kifupi, kisha ukapotea tena mbele kidogo. Madereva walipaita Haloo, kwa sababu magari yote yakifika pale watu huanza kupiga kelele: "Haloo? Haloo? Unanisikia?" Ukifika Haloo simu zote zinaamka pamoja, jumbe za asubuhi nzima zinaingia kwa mkupuo, gari linalia kama kibanda cha vifaranga. Na mara tu baada ya Haloo barabara inateremka ghafla na kuingia kwenye laga, mto mkavu wa mchanga. Pale palikuwa na daraja dogo la saruji lisilo na ukingo, ambalo maji ya mvua yalikuwa yamelila upande mmoja. Kwa hiyo mahali pekee palipohitaji mikono miwili na macho mawili ndipo mahali pekee palipokuwa na mtandao. Haya yote dereva aliyajua. Alipita pale kila wiki.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunarudi Lodwar, na nyuma ya dereva alikaa rafiki yangu. Alikuwa mshonaji wa kambini, mama kutoka Sudan Kusini, mrefu, mcheshi, mwenye cherehani ya mkono. Mkono wa kushoto uliongoza kitambaa, wa kulia ulizungusha gurudumu, na kwa mzunguko huo alilisha watoto na wazee wake. Sare za nusu ya wanafunzi niliowakagua zilitoka mikononi mwake. Kwaya yetu ya Lodwar ilitaka majoho mapya, na baada ya kungoja sana alikuwa amepata kibali cha kutoka kambini ili aje awapime wanakwaya. Alivaa nguo aliyojishonea mwenyewe, na futi ya kupimia ilining'inia shingoni kama mkufu. Njia nzima alikuwa ameweka mkono wa kulia kwenye lile dirisha bovu, anapata upepo.

Tukafika Haloo. Simu zikaamka. Dereva akatwaa moja, akaiweka sikioni, na gari likaanza kuteremka.

"Haloo! Ejok, ejok!" akasalimia kwa Kiturkana. "Uko wapi wewe? Njia iko aje?"

Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi ya usukani na ya gia pia. Nilimwona akiuachilia usukani ili ashike gia. Nikapiga kelele, nikamwita jina lake, na mwenyewe akaniinulia kidole ninyamaze, anasikiliza. Gurudumu la kulia likakosa saruji. Gari likaegemea taratibu, bila papara, likalala ubavu kwenye mchanga wa laga, upande wa dereva.

Kimya. Vumbi. Halafu kutoka mahali fulani chini ya viti, simu ile bado imewashwa, sauti ya mwenzake ikasema waziwazi: "Njia iko sawa. Haloo? Nasema njia iko sawa."

Mimi nilikuwa nimening'inia kwenye mkanda, sina kitu. Dereva naye hakupata hata mchubuko. Mkono wake wa kulia, ule ambao ungeweza kuwa nje ya dirisha lake, ulikuwa sikioni. Mkono wa rafiki yangu ndio uliokuwa dirishani, na sasa ulikuwa chini ya gari. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema neno moja kwa Kiarabu cha Juba, tena na tena, kwa sauti ya chini, na sikulielewa, na sikuwahi kumuuliza.

Wachungaji waliokuwa wakinywesha ngamia kwenye visima vya laga ndio walioliinua gari, kwa mabega na magogo. Lori la makaa lililopita ndilo lililotubeba mpaka hospitali. Madaktari waliuacha mkono mahali pake, lakini haukurudi kuwa mkono. Vidole vilikauka vikajikunja. Hauwezi kushika sindano, sembuse kuzungusha cherehani.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe.

Jumapili ya pili baada ya ajali, dereva alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema shetani alitaka kumwaga damu, lakini Bwana akakataa. Akasema hakupata hata mkwaruzo. Watu wakapiga makofi. Kisha akaitoa simu mfukoni, akaiinua juu. "Na hii hapa! Hata hii haikuvunjika! Ni hii niliita nayo msaada. Bila hii simu tungekufa pale laga!" Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nilitazama kulia na kushoto nikitafuta hata uso mmoja uliokunjamana kama wangu. Hakuna aliyeutaja mkono wa rafiki yangu. Hakuna aliyewataja wachungaji wa ngamia wala lori. Simu ndiyo iliyotuokoa. Nilitoka nje nikasimama juani, maana jua lilikuwa na adabu kuliko wale watu, na sikurudi ndani siku hiyo.

Nilipokwenda kumwona rafiki yangu kambini, nilimkuta ameifunika cherehani kwa kanga. Mlangoni alikuwa ameweka kiti cha plastiki, kitupu. Nilitaka kukikalia, akanizuia.

"Hiyo ni ya dereva," alisema. "Mimi nangoja yeye."

Akanieleza kwa Kiswahili chake. Kwao mtu akikuumiza anakuja, anakaa chini, anakunywa maji yako, anasema kosa lake kwa mdomo wake, na wewe unamtazama. Hapo jambo linakwisha. Hakutaka kitu kingine. Lakini bila hivyo hawezi kusamehe, na asiposamehe hawezi kusali vizuri. Kanisani, watu wote wakisali ile sala ya Bwana, yeye anafika kile kipande cha kuwasamehe waliotukosea na mdomo unafunga.

"Siwezi danganya Mungu, dada. Acha yeye akuje tu. Nitasamehe, mimi nataka kusamehe. Hii mkono ilienda, sawa. Hata sala yangu anataka kubeba?"

Nilipeleka ujumbe huo kwa dereva. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ataenda. Alipita Kakuma kila wiki, kiti kikiwa palepale mlangoni, na kila wiki alikuwa na haraka. Ofisi haikumfanya chochote. Gari lilinyooshwa bati, akarudishiwa ufunguo. Mimi nilikataa kupanda. Nikawa naomba lifti kwenye magari ya watu wengine, na ofisini wakaniita madam wa maringo.

Mwaka wa 2013, baada ya uchaguzi, nilikuwa nimeketi pale kwa rafiki yangu, namenya vitunguu kwa kuwa yeye hawezi, simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya dereva. Nikaweka spika.

"Madam! Ejok! Habari ya siku mingi? Nasikia uko kwa yule mama. Nimeguswa rohoni, madam. Pasta amenihubiria. Nataka kuomba msamaha leo leo. Ebu nipatie yeye."

Rafiki yangu aliacha kila kitu. Alinyoosha nguo yake kwa mkono wa kushoto, akaketi wima, akaisogelea simu kama anayemkaribisha mtu. Nikaona amekitazama kile kiti, na kwamba ameamua kukubali hata hivi, bila kiti, bila maji. Uso wake ulikuwa umefunguka. Nilifurahi. Nakiri kwamba kwa dakika hiyo hata mimi nilikuwa tayari kumpenda tena yule mtu.

"Mama," sauti ikasema, "mimi ni yule dereva. Nasema hivi, mimi ni mkosaji, lakini…"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Gia. Halafu honi. Halafu sauti za watu wengi: "Haloo? Haloo?"

Nikaweka kisu chini. "Uko wapi?" nikauliza.

"Niko hapa tu Haloo, madam, ndio nimepata network. Nimebeba walimu wa semina. Wacha nimalize haraka kabla ipotee. Mama, kama nilivyosema…"

Nilitaka kumtukana. Matusi yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini rafiki yangu alikuwa amenitangulia. Aliinama juu ya simu, uso umejifunga, na akasema kwa sauti kubwa, haraka haraka:

"Nimesamehe! Nimesamehe, kalas! Weka simu chini. Shika gari!"

"Ati umenisamehe? Amina! Mungu akubariki, mama! Asante! Wacha nipigie pasta saa hii hii nimwambie, kabla—"

Ikakatika. Tukakaa tukiitazama simu juu ya mkeka, kati ya maganda ya vitunguu, wote wawili tukijua laga iko wapi. Hatimaye nikampigia mmoja wa wale walimu, nikapiga na kupiga, na aliposhika alikuwa Lodwar, anakula. Walifika salama. Aliniambia dereva amewatolea ushuhuda njiani jinsi alivyosamehewa, na kwamba wote gari zima waliimba.

Jumapili iliyofuata nilisali kambini, katika kanisa lao la mabati, bega kwa bega na rafiki yangu. Tulipofika kwenye kile kipande, watu wote wakaendelea, na yeye akanyamaza. Nilimgeukia. Nilidhani amesahau.

"Si ulimsamehe?" nikamnong'oneza.

"Hapana, dada," alisema, macho yakiwa mbele. "Ile nilimshikia breki tu."