Kaka Wangu, Kadi Yake

"Kaka ni wangu, tumenyonya titi moja, lakini kadi yake inakutibu wewe," fundi alimwambia wifi yake pale uani, pini mbili zikiwa bado mdomoni. "Basi angalau nilipe mshono wa mapazia."

Ugomvi ulianzia kwenye mapazia, na sasa ulikuwa umefika kwenye kadi, kama kawaida yake. Mapazia yenyewe, ya buluu yenye majani ya njano, yalikuwa yananing'inia sebuleni kwa wifi mwezi wa nne huo, na mshono haujalipwa. Tena siku ya kuyachukua wifi alidai mpaka vipande vilivyobaki, akavikunja na kuvitia kwenye mkoba wake wa ngozi. Kila fundi anajua vipande ni haki yake, na kila mteja mwenye adabu hujifanya hajui.

Wifi alianua nguo kambani moja moja, akasema atalipa mwisho wa mwezi, akaingia ndani.

"Mwezi upi?" fundi akauuliza mlango.

Waliishi nyumba moja ya urithi, kila mtu na mlango wake: fundi chumba kimoja upande wa choo, kaka na mkewe vyumba vitatu upande wa barabara. Mume wa fundi alikwenda kutafuta kazi zamani, akampata mwanamke, na cherehani ikabaki ndiyo baba wa nyumba. Fundi na wifi yake wote walikuwa na sukari, ile ya kujidunga insulini asubuhi na jioni. Fundi ndiye aliyeanza kuugua, miaka minane iliyopita, na kuna siku alimwona wifi kama amemwiga hata hapo.

Tofauti ilikuwa kadi. Kaka alikuwa dereva wa kiwanda, na kiwanda kilimkatia bima yeye, mke na watoto. Fundi aliwahi kumwomba amwandikishe na yeye, kaka akamweleza kwa upole kwamba fomu haina nafasi ya dada. Nafasi ya mke ipo, hata ukioa kesho. Ya dada uliyekula naye sahani moja haipo. Tangu hapo fundi alimwita wifi yake Mama Kadi, kwanza moyoni, baadaye kwa sauti.

Yeye dawa alinunua kwa jasho lake, na hesabu zake zote zilikuwa za magauni. Zamani kichupa kimoja cha insulini kilikuwa gauni moja. Mwaka jana kikawa magauni mawili. Mwaka huu kimefika matatu na nusu, na hapo hujataja mabomba ya sindano wala kupima damu. Muuza dawa alimwambia imepanda kama mtu anayekuambia leo kuna mawingu. Fundi akapunguza dozi kimyakimya: yuniti ishirini na nne zikawa kumi na sita. Macho yakaanza kuona ukungu. Wiki ile ile ya ugomvi alishona mkono wa shati la shule ndani nje, na mteja akalirudisha amelishika kwa vidole viwili, kama panya.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kwenye friji. Hakuwa na friji yake, kwa hiyo kichupa chake kilikaa kwenye friji ya wifi, kimefungwa uzi mwekundu shingoni kisije kuchanganywa na cha mwenzake, maana dawa yao ilikuwa ya aina moja. Kila asubuhi na jioni alipiga hodi kufuata dawa yake mwenyewe, akapita mbele ya mapazia ambayo hayajalipwa, akafungua friji na kukuta kichupa cha wifi kimejaa tele, kimekaa kama bwana harusi. Chake kilikuwa kimebaki na dawa ya chini tu, kama unyayo.

Siku tatu baada ya ugomvi, wifi akiwa bafuni, fundi alisimama mbele ya friji ile. Akaufungua uzi mwekundu kwenye kichupa chake, akaufunga kwenye kile kilichojaa. Kwa vidole vyake ilikuwa kazi ya pumzi mbili. Atapewa kingine kwa kadi, alijiambia. Jioni ile alijidunga ishirini na nne kamili, na wiki haikuisha kabla hajatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, bila kulamba, bila kutukana.

Wifi hakusema kitu, na hilo nalo likamuudhi. Kumbe mwenye kadi hata akiibiwa hahisi. Alichokiona ni kwamba wifi ameanza kutembea na jagi la maji, na mlango wa choo umekuwa haupumziki.

Jumanne ikafika, siku ya sukari kwenye hospitali ya umma. Pale watu hawapangi foleni. Yanapangwa madaftari yao. Unafika alfajiri, unaweka lako kwenye benchi refu nyuma ya la mwenzako, kisha unakwenda kukaa popote. Likiitwa moja, mengine yanasogezwa. Nafasi ni yako, unaweza kumpa umtakaye. Siku hiyo nesi alitangaza mapema kwamba dawa ya bure iliyoletwa ni vichupa kumi tu; wa kumi na moja aende akanunue.

Daftari la fundi lilikuwa la nane. Alihesabu mara mbili kwa raha. Halafu macho yake, ambayo siku hizo yalikuwa yameamka, yakaenda mpaka mwisho wa benchi, yakagota kwenye daftari la kumi na nne. Lilikuwa limevalishwa jalada la kitambaa cha buluu chenye majani ya njano, limeshonwa kwa mkono, mishono mirefu kama ya kufunga gunia.

Aliuliza ni la nani. Mzee mwenye bandeji mguuni akasema ni la mama mmoja. Huja alfajiri, huliweka, kisha huenda kukaa nyuma ya jengo kwenye ngazi mpaka aitwe. Ni mwezi wa nne sasa.

Miezi hiyo yote fundi alilipita na ukungu wake machoni. Jalada lilikuwa la kuficha jina, na aliyefichwa jina hilo ni yeye. Ila wifi alilificha jina kwa kitambaa ambacho fundi alikikata kwa mkasi wake. Asiyeshona tu ndiye angefanya kosa hilo. Hajui kwamba fundi husahau sura za watu, vitambaa hasahau.

Alimkuta ngazini, mkoba wa ngozi mapajani, chupa ya maji mkononi, midomo imekauka.

"Kadi iko wapi, wifi?"

Wifi alitazama chini. "Wameiwekea kikomo. Ugonjwa wa kudumu una kiasi chake, kikiisha, basi, mpaka mwaka mpya. Changu kiliisha tangu wakati ule wa mapazia."

Akaeleza mengine bila kuulizwa. Pesa ya mshono ilikwenda kwenye dawa. Kichupa kile cha mwisho kwenye friji alikinunua baada ya kuuza simu yake.

"Na hukuniambia."

"Ungecheka."

Fundi alifikiri, maana uongo wa bure hakuupenda. "Ningecheka," akasema. "Siku mbili hivi."

"Unaona? Wewe ukikwama unakaa kwenye cherehani. Mimi nilikuwa na kadi, basi. Nikisikia mashine yako inalia kule chumbani, wivu unanipanda mpaka masikioni."

Miaka yote ile fundi hakuwahi kudhani kwamba kuna mtu anamwonea wivu yeye, na lazima isemwe kwamba kidogo lilimnogea. Lakini aliiona pia ile midomo. Alirudi kwenye benchi, akalichukua daftari lake la nane, akaliweka kwenye kumi na nne, na lile la mapazia akaliweka kwenye nane. Mzee wa bandeji akamtolea macho.

"Ni wifi yangu," fundi akasema, kama mtu anayekiri kosa.

Wifi akapata kichupa. Fundi akaambiwa akanunue.

Nyumbani wifi alifungua friji, akajidunga, kisha akakiweka kichupa kipya kando ya kile chenye uzi mwekundu. Alisema bila kugeuka, "Hicho chenye uzi kina alama ya kucha yangu kwenye karatasi iliyobandikwa. Nilijua siku ile ile."

Fundi alikosa pa kuweka mikono.

"Lakini leo umenipa nafasi yako," wifi akaendelea. "Kichupa kwa kichupa. Bado nina deni lako la mapazia."

"Huna. Ulilipa kwa lile jagi, siku zote ulizokaa na kiu."

Wifi akafunga friji taratibu. "Na vipande?"

"Vipande nipe," fundi akasema. "Na hilo daftari pia. Jalada lako linanitia aibu mbele za watu."