Nilichomelea Lori Bila Kuchomoa Betri, Rafiki Yangu Yuko Mahabusu

Admin, futa jina na namba yangu kabla hujaipandisha hii. Sumbawanga ni mji mdogo na wanaonifahamu wamo humuhumu kwenye peji yako. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza tukaneni tu, nimestahili.

Nina rafiki, nitamwita Deo, dereva wa lori. Ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza. Lori alilokuwa akiendesha ni la mzee mmoja wa Kisukuma aliyehamia huku zamani na ng'ombe wake, akauza nusu ya zizi akanunua gari la kubebea mahindi. Si yale malori tuliyoyazoea, ambayo ukishayawasha hayana tena habari na umeme. Hili injini yake ni ya dizeli lakini inaamriwa na kiboksi cha kompyuta. Mwaka jana kile kiboksi kikafa.

Kipya bei yake haishikiki. Mzee akamtuma Deo Dar es Salaam kununua kilichofufuliwa, yaani kile cha zamani kinarudishwa kiwandani, kinabadilishwa vya ndani, kinapimwa, kinafungwa upya kwa sili. Unamwachia muuzaji mfu wako, unaondoka na mzima. Deo alirudi nacho kwenye basi amekipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Fundi akaja kutoka Mbeya na kompyuta yake, akakifunga, lori likawaka. Mzee alichinja mbuzi, na mimi nilikula.

Hazikuisha wiki tatu, barabara ya Mwimbi ikapasua chesisi. Deo akaniletea lori. Akaniambia, "Kaka, kabla hujagusa chochote, chomoa taminali za betri na soketi ya kompyuta. Yule fundi wa Mbeya kakazia sana, umeme wa kuchomelea ukipita humo kiboksi kinaungua."

Nikamjibu, "Wewe nenda kale, niachie kazi yangu."

Jamani, nachomelea malori tangu nikiwa kijana na sikuwahi kuchomoa betri hata siku moja. Taminali zilikuwa zimeshika kutu, spana ya kuzifungulia nilikuwa nimeiazimisha, na umeme ndiyo kwanza ulikuwa umerudi baada ya kukatika tangu asubuhi. Nikajisemea, dizeli ni dizeli tu. Nikabana waya wa eathi kwenye chesisi, nikachoma. Deo aliporudi akauliza, "Ulichomoa?" Nikasema, "Nilichomoa na nimesharudishia." Lori likawaka, akanipa mkono, akaenda zake.

Lilizimika njiani likitoka Namanyere na mahindi ya watu, mvua inanyesha, na halikuwaka tena. Kiboksi kilekile. Kikarudishwa Dar. Muuzaji alipopiga simu, mimi na Deo tulikuwa kwa mzee, akaweka sauti kubwa tusikie sote. Muuzaji akasema sili haijaguswa, ila ndani kimeunguzwa na umeme wa kutoka nje. Je, gari lilichomelewa? Mzee akanigeukia. "Fundi, ulichomoa betri?"

Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu, nikaitupa. Nikasema nilichomoa. Na Deo, bila kuulizwa, akadakia, "Mzee, huyu akisema amechomoa, amechomoa. Namwamini kuliko hata huyo muuzaji."

Natamani angenyamaza. Maana kama si mimi, basi kiboksi kilikuwa feki, na aliyetumwa kukinunua ni yeye. Mzee si mtu mbaya, lakini kwa ajili ya kile kiboksi alikuwa ameuza ng'ombe wengine tena. Akasema Deo kanunua kibovu kwa bei ya chee, kala chenji, na muuzaji wanalindana. Deo akashitakiwa kwa wizi wa kuaminiwa. Amekosa mtu mwenye hati ya nyumba wa kumdhamini, kwa hiyo yuko mahabusu, mwezi wa nne huu. Mimi nina nyumba yenye hati. Sikujitokeza, niliogopa nitaulizwa maswali.

Wiki iliyopita mkewe alikuja kwangu. Siku hizi yuko kwao na watoto, analima. Alituletea unga wa ulezi, mke wangu akakoroga uji, tukanywa wote.

Akaniambia, "Shemeji, nimetoka kumwona. Amekonda na anakohoa. Ametakiwa ataje shahidi wake, amekutaja wewe."

Nikauliza, "Mimi nitasema nini?"

"Anasema usiogope. Ueleze tu ile kazi ulivyoifanya."

Nikatoka nje nikajifanya naangalia mashine. Nililia, nisiwafiche. Mke wangu hajui kitu mpaka leo.

Natakiwa mahakamani Jumatatu. Nikisema kweli, mzee atadai kiboksi chake kwangu, karakana itakwenda, na hakuna mwenye lori atakayenipa tena kazi. Mke wangu atajua kwamba nilikaa nikanywa uji na mwanamke ambaye mimi ndiye niliyemfungia mume. Nikirudia uongo, nitaurudia nimeshika Biblia, na Deo atakuwa amekaa pale ananiangalia kwa shukrani. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Msiniambie nisali. Nimesali mpaka nimechoka, na kila nikimaliza najua kabisa ninachotakiwa kusema, ila mdomo haufunguki. Kama kuna mtu humu aliwahi kumtenda rafiki yake hivi, halafu akasimama mbele yake akakiri, naomba anishauri. Unaanza na neno gani?